Maji Hayakusoma Daftari Langu

Nilipewa stafu kwa sababu nilikuwa mwembamba. Msimamizi alitutazama vijana sita tuliokuwa tukibeba zege, akaona mimi ndiye nikitolewa kazi haitayumba, akasema, "Wewe, njoo ushike hii." Wenzangu wakacheka: nimepata kazi ya kusimama. Na mimi nikaamini hivyo hivyo, kwamba kupima levo, yaani vimo vya ardhi na ujenzi, ni kazi ya kusimama. Imani hiyo karibu inivunje mgongo, halafu miezi kadhaa baadaye karibu imzike kijana wa watu.

Nianze na stafu, maana wengi tunaanzia hapo. Ni ule ubao mrefu wa alumini unaochomolewa kama antena, ukifunguka wote unafika mita 5. Una namba na vitalu vya rangi, kila kitalu sentimita 1. Wewe unausimamisha juu ya sehemu inayopimwa, mwenzako anausoma kupitia levo, ile darubini ya kupimia usawa inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu. Siku ya kwanza nilidhani ukishaushika umemaliza. Kumbe stafu ikiinama kidogo tu, mbele au nyuma, namba inayosomwa inakuwa kubwa kuliko ile ya kweli. Kama haina kiputo cha kuonyesha wima, ichezeshe taratibu mbele na nyuma, na msomaji achukue namba ndogo kuliko zote atakazoziona. Kitako chake ukifute kila unapohama, kwa sababu tope la sentimita 1 likiganda pale chini, umeshadanganya sentimita 1 bila kufungua mdomo. Na kila pingili unayoivuta, sikiliza kifungo kikilia "ta". Yangu moja haikulia, ikawa inashuka polepole huku nimeishika. Tulirudia asubuhi nzima.

Lakini siku hiyo ya kwanza kosa langu kubwa halikuwa la namba. Aliyekuwa kwenye levo alikuwa akinielekeza kwa mkono: rudi, rudi tena, kushoto. Nami macho kwake, nikirudi kinyumenyume. Tipa la kifusi nalo lilikuwa likirudi kinyumenyume kuja upande wangu. Lilikuwa linalia mlio wake, ndiyo, ila mlio ule ulikuwa unalia tangu alfajiri na masikio yangu yalishauzoea kama sauti ya inzi. Nilichosikia ni kola ya kizibao ikinikaba shingoni: mtu alinivuta. Tairi lilipita pale nilipokuwa nimesimama, likaikanyaga stafu, ikakunjika kama unyasi.

Hapo ndipo nilipoelewa ukweli wa kazi hii ambao hakuna aliyenieleza. Wapimaji wawili wakiwa kazini, wote wawili ni vipofu. Mmoja jicho lake limo ndani ya levo na haoni kitu kingine chochote. Mwingine macho yake yako kwenye mkono wa yule wa kwanza. Dereva wa tipa naye haoni nyuma, na mwendesha kijiko haoni upande wa pili wa mkono wa mashine yake. Eneo zima limejaa watu wasioonana. Tangu siku ile, kabla ya kufungua stendi naenda kwanza kwa waendesha mitambo. Namsalimia, namwonyesha nitapita wapi na kwa muda gani, na siingii kwenye eneo lake mpaka tumeangaliana machoni na mashine imetulia. Mshika stafu anageuka na kutembea mbele, akifika ndipo anageuka kutazama levo. Ishara za mkono tunakubaliana kabla. Kama mitambo ni mingi, tunaomba mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kuangalia tu. Ndiyo, wasimamizi hununa wakisikia mtu wa kuangalia tu. Wanune.

Jambo la pili la stafu nitalisema kwa kifupi, maana halihitaji maneno mengi. Alumini inapitisha umeme. Mimi nilikuwa mvivu wa kuikunja kila ninapohama, nikawa natembea nayo imefunguka yote, imesimama kama mlingoti wa bendera. Nikawa naelekea langoni, ambako nyaya zilikuwa zinakatiza juu. Fundi mmoja mzee, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti, alipiga ukelele: "Wewe kijana, shusha! Shusha hapo hapo!" Nikashusha. Baadaye akanieleza kwamba kwenye nyaya zenye nguvu kubwa si lazima uguse. Umeme unaweza kuruka hewani kukufuata. Kwa hiyo: ikunje kabla ya kuhama, kila mara. Angalia juu kabla ya kuivuta. Kama kazi iko chini ya nyaya au jirani nazo, simama kwanza, waulizwe wenye nyaya umbali salama ni upi, au umeme ukatwe. Na stafu ya fibaglasi isikupe kiburi, ikilowa au ikichafuka nayo inapitisha. Akinaswa mwenzako, usimkimbilie kumshika, mtakuwa wawili. Umeme uzimwe kwanza.

Baada ya miezi kadhaa aliyekuwa anasoma levo alihamishwa, nami nikapandishwa cheo kwa siku moja ya mafunzo. Siku moja! Nilijua kufungua stendi na kukanyagia miguu yake ardhini mpaka iume. Kwenye mteremko, miguu miwili inakaa upande wa chini na mmoja upande wa juu, ndivyo isivyopinduka. Kwenye sakafu laini, funga kamba au mnyororo kati ya miguu, la sivyo inateleza na kifaa kinaangukia pua. Nilijua kuzungusha zile skrubu tatu mpaka kiputo kikae katikati ya duara, kisha kugonga kifaa kidogo kwa kidole na kuona uzi, ule mstari mwembamba unaoonekana ndani ya levo, ukicheza na kurudi mahali pake, dalili kwamba kinajisawazisha chenyewe. Nilijua pia kwamba kabla ya kusoma unasafisha kwanza nyuzi zenyewe kwa kuzungusha kioo cha jichoni mpaka ziwe nyeusi kali, ndipo unalenga stafu. Ukichezesha kichwa na uzi ukahama juu ya namba, bado hujamaliza.

Nilichokuwa sijajua ni kujishuku.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaro wa bomba la majitaka, mita 36 kutoka shimo moja la ukaguzi hadi jingine. Mteremko ulikuwa 1 kwa 80, yaani sentimita 45 kwa urefu wote, milimita 50 kila mita 4. Alama yetu ya kuanzia ilikuwa kona ya msingi wa zege uliokwishakauka, iliyopewa kimo cha 100.000, yaani mita 100, na namba tatu baada ya nukta ni milimita. Upande wa juu kitako cha mtaro kilitakiwa kiwe 98.900, upande wa chini 98.450. Asubuhi nikasoma stafu juu ya alama ile: 1.462. Unajumlisha, mstari wa levo uko 101.462. Unatoa 98.900, unapata 2.562, hiyo ndiyo namba stafu inayotakiwa kuonyesha kwenye kitako cha mwanzo. Kila mita 4 nikaweka kigingi na kuongeza 0.050. Nikafika mita ya 20 bila shida, nikajiona injinia.

Mchana mchanga ukaletwa na tipa likaja kuegesha mbele ya levo yangu. Nikahamisha stendi. Nikasoma tena ile alama ya kona, jua usoni, njaa tumboni, msimamizi akiuliza kwa nini vijana wamekaa. Nikaandika 1.218.

Stafu ilikuwa inaonyesha 1.318.

Ndilo kosa la kawaida kuliko yote: macho yanahangaika na milimita, zile namba mbili za mwisho za kukisia na kuhesabu vitalu, huku namba kubwa iliyochapishwa wazi unaichukua ya jirani. Nikatoa hesabu zangu zote kwenye 101.218 badala ya 101.318. Matokeo yake kila kigingi kuanzia mita ya 24 kilikaa milimita 100 juu zaidi ya kinavyotakiwa. Mita ya 20 ilikuwa 98.650, sawasawa. Mita ya 24 ilitakiwa iwe 98.600, mimi nikaiweka 98.700. Yaani nimewaamuru majitaka ya watu yapande kilima cha milimita 50, yapumzike juu, kisha yateremke.

Wakachimba kwa vigingi vyangu, wakamwaga zege la kulalia bomba. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nikapita kuangalia mtaro, maji yametuama pale kwenye mita ya 20 kama bakuli, yametulia, yanang'aa. Maji hayakusoma daftari langu. Yalipima yenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma kuliko ile hesabu. Nililiona dimbwi saa moja asubuhi, nikanyamaza hadi saa tatu. Nilijiambia labda ni tope limeziba, labda litakauka. Katika saa hizo mbili wenzangu walibeba mabomba na kuyapanga, wakaanza kuunga. Kila bomba lililoungwa lilikuwa deni langu likikua. Nilipoenda kusema, fomeni hakunifokea. Aliomba daftari. Akaona pale kwenye 1.218 pamekunjamana, maana mwanzoni nilikuwa nimeandika namba nyingine nikaifuta kwa raba. Akaniuliza ilikuwa namba gani. Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki. Inawezekana nilikuwa nimeandika iliyo sahihi nikaifuta. Tangu hapo sifuti. Nakata mstari mmoja, naandika pembeni, na ile ya zamani inabaki inasomeka. Ukiwa na raba kwenye mfuko wa kupimia, itoe uwape watoto wa shule.

Zilikuwepo njia tatu za kulinasa kosa lile, zote za dakika chache. Ya kwanza: ndani ya levo, juu na chini ya uzi wa kati kuna vinyuzi viwili vifupi. Ungesoma vyote viwili ungepata 1.388 na 1.248. Jumlisha, gawa kwa 2: 1.318. Hapo hapo daftari lingekukatalia. Na ukitoa kimoja kwa kingine ukazidisha mara 100 unapata umbali hadi kwenye stafu, hapa mita 14, zawadi ya bure. Ya pili: baada ya kuhama ningepima tena kigingi kimoja cha asubuhi kabla ya kuweka kipya. Ya tatu ndiyo sheria ambayo sasa siivunji hata kuwe na moto: unamalizia pale ulipoanzia. Ningerudisha stafu kwenye kona ile mwisho wa kazi, nikasoma 1.318, nikatoa kwenye 101.218, ningepata 99.900. Alama ya 100.000 haiwezi kushuka sentimita 10 kwa mchana mmoja.

Kwa kazi ndefu yenye vituo vingi vya levo, tofauti ya milimita chache ukifunga, yaani ukirudi kusoma alama ya mwanzo, ni jambo la kawaida. Kipimo kinachotumika sana kwenye ujenzi ni milimita 5 mara kipeuo cha pili cha idadi ya mara ulizosimamisha levo: ukiisimamisha mara 4, usizidi milimita 10. Ukizidi, rudia. Kurudia si aibu, ingawa kila mtu atakutazama kana kwamba umeiba.

Zege la mita 16 lilivunjwa na watu wanne kwa siku mbili. Sikukatwa mshahara, lakini nilishika nyundo pamoja nao, na hakuna aliyenisemesha. Afadhali wangenitukana.

Na hapo kwenye aibu ndipo lilipozaliwa kosa la pili, ambalo sisimulii kwa furaha. Jioni ya siku ya pili nilitaka vigingi vipya viwe tayari kabla giza halijaingia, ili kesho yake mtu asiniulize kitu. Mtaro upande ule ulikuwa na kina cha zaidi ya mita moja na nusu. Mbao za kuzuia kingo zilikuwa zimetolewa ili wavunjaji wapate nafasi, na udongo ulikuwa umeloweshwa na mvua. Nikamwambia kijana wangu wa stafu, "Ruka chini mara moja mdogo wangu, nisome namba mbili tu." Akasita. Nikasema, "Fanya haraka." Akaruka, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake.

Jicho langu lilikuwa ndani ya levo. Niliona stafu imesimama wima, namba safi, kisha nikaona stafu ikilala upande taratibu, kisha nikasikia kishindo kizito, kama gunia linalotupwa. Ukingo ulikuwa umemeguka ukamfunika hadi juu ya magoti. Bahati yake, na yangu, ni kwamba ulimegukia miguuni na si kifuani. Mita moja ya ujazo ya udongo inafika tani moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Mtu akibanwa kifuani hawezi kuvuta pumzi hata kama kichwa kiko nje. Tulimkataza asijinyonganyonge, ngazi ikaletwa, mbao zikaegemezwa kwanza ndipo tukamchimbua kwa mikono. Alitoka akaacha buti moja ndani. Alikaa kwenye rundo la mchanga na soksi yake, akinitazama bila kusema neno. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya kundi zima, kwa sababu mbele ya kundi zima ndiko nilikompa amri.

Jambo la kuchekesha, kama kuna la kuchekesha, ni kwamba hakukuwa na haja ya mtu kuingia mle. Fomeni alinionyesha siku iliyofuata. Kwenye kila mwisho wa mtaro unasimika nguzo mbili, moja kila upande, mbali na ukingo, unapigilia ubao unaokatiza juu kwa kimo unachokijua. Kwa mtaro wetu ubao wa mwanzo uliwekwa 101.300 na wa mwisho 100.850. Kisha unatengeneza fimbo yenye kichwa cha herufi T, urefu wake mita 2.400. Fimbo inashushwa ndani na mtu aliye juu, amesimama kwenye ubao mpana, na mwingine anachungulia kutoka ubao wa kwanza hadi wa pili. Kichwa cha T kikilingana na mstari wa mbao hizo mbili, kitako kimefika. Kikiwa juu, chimba zaidi. Levo inafanya kazi mara moja tu, kuweka zile mbao, na hakuna anayeshuka kwenye mtaro usiozuiwa kingo. Kama lazima mtu ashuke, kingo zizuiwe kwanza, ngazi iwepo karibu naye, kifusi kisirundikwe ukingoni, na stendi ya levo yenyewe ikae mbali na ukingo, kwa sababu wewe na miguu yako mitatu mna uzito pia.

Vigingi navyo vina hatari zake. Chuma kinachopigiliwa ardhini kinaweza kukutana na waya wa umeme au bomba lililozikwa, kwa hiyo uliza kabla ya nyundo, usiulize baada. Nondo zilizosimama zifunikwe vichwa, hasa pale mshika stafu atakapopita akitazama juu. Usilenge levo kwenye jua, jicho halina spea. Na wanaotumia leza inayozunguka, iwekeni juu au chini ya usawa wa macho ya watu, na asiwepo wa kuichungulia kwa levo ya kioo.

Nimalizie na kifaa chenyewe. Kuna kipindi levo yetu ilianguka kutoka kwenye gari ikiwa ndani ya sanduku lake. Sanduku halikupasuka, tukasema salama. Sasa nikishuku kitu namna hiyo, nachukua vigingi viwili vilivyoachana mita 60, nasimamisha levo katikati kabisa. Nasoma, tuseme, 1.525 na 1.310: tofauti 0.215. Tofauti hiyo ni ya kweli hata levo ikiwa mbovu, kwa kuwa kosa la mita 30 za huku linafuta kosa la mita 30 za kule. Kisha nasogea karibu na kigingi cha kwanza na kusoma 1.480. Cha pili kinatakiwa kisome 1.265. Ile iliyoanguka ilisoma 1.277. Milimita 12 za uongo kwa mita 60, ndani ya sanduku zuri lisilo na mchubuko. Kwangu ikipita milimita 5 inapelekwa kwa fundi wa vifaa. Na hata ikiwa nzima, najitahidi levo ikae katikati ya sehemu ninazopima na stafu isiwe mbali zaidi ya mita 50, kwa sababu ile ile.

Yule kijana wa buti sasa ndiye anayesoma levo, mimi nikienda eneo la kazi mara nyingi ndiye ninayeshika stafu. Wiki iliyopita mvua ilitunyeshea, nikamwambia namba inatosha, tukusanye vifaa tuondoke. Akasema, "Kaka, bado hatujarudi kwenye alama." Tukarudi, tumelowa. Tulifunga kwa milimita 3. Tukakausha kifaa kwa kitambaa, tukaacha sanduku wazi usiku kucha ili ukungu usiingie kwenye kioo.